Wavunaji Wapitao na Taasisi ya Julian Samora

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kilianzisha taasisi ya kuwatafiti Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ina jina la Julian Samora, mwanasosholojia wa asili ya Meksiko. Tangu zamani familia za Kimeksiko zilisafiri kutoka Texas kwenda Michigan kupalilia viazisukari na kuchuma cheri, kisha zikaondoka. Na sensa haikumwuliza kila mtu juu ya asili hiyo hadi mwaka 1980. Taasisi huchunguza kazi, elimu na afya zao. Nasi wachungaji tunahesabu walioandikwa katika daftari la usharika. Mvunaji apitaye hayumo, wala watoto wake hawamo katika orodha ya kipaimara.