Jinsi tarakilishi iliyolala inavyohamishwa bila kuamshwa

KATIKA bandari ya Kisumu, zaidi ya miaka 100 iliyopita, meli ziliwasili zikiwa vipande. SS William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, vipande vyake vikasafirishwa hadi Mombasa na hatimaye kubebwa nchi kavu mpaka ufuoni mwa Ziwa Victoria, ambako mafundi waliiunganisha upya na kuishusha majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika hapo, mahali palipoitwa Port Florence, Desemba 1901. Hata MV Uhuru, meli ya mabehewa ambayo wakazi wengi wa Kisumu wanaifahamu, ililetwa kutoka Uskoti kwa utaratibu uo huo na kuzinduliwa mwaka 1966.

Safari ya namna hiyo ina urahisi wake. Bamba la chuma likiwa njiani halibadiliki. Lilivyofungwa Uskoti ndivyo litakavyofunguliwa Kisumu. Meli haina abiria, haina shehena, haina nahodha anayetazama saa. Bamba moja likichelewa Mombasa, linangojewa.

Siku hizi kuna chombo kingine kinachohamishwa vipande vipande, kila kipande na nambari yake, ila chenyewe huhama kikiwa hai na abiria wakiwa ndani. Nacho ni tarakilishi pepe.

Tarakilishi pepe ni tarakilishi isiyo na mwili wake. Mtambo mmoja mkubwa, ule tunaouita seva, hugawanywa na programu maalumu ili ndani yake ziishi tarakilishi kumi, ishirini au zaidi, kila moja ikidhani kwamba ndiyo yenye nyumba. Kila mpangaji ana diski yake na kumbukumbu yake, wala hamwoni jirani. Mwenye seva aweza kumwongezea mpangaji huyu nafasi, kumsimamisha yule, au kumhamishia nyumba nyingine kabisa.

Haja ya kuhama haikosekani. Feni ya seva imeanza kukwaruza. Kipande cha kumbukumbu kimeanza kutoa makosa. Nyaya za umeme zinabadilishwa. Njia ya zamani ni kuzima, kuhamisha na kuwasha. Aprili 2015, mitambo ya M-Pesa ilipohamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa nchini Kenya, huduma ilibidi isimamishwe kwa saa kadhaa za usiku. Kazi ile ilikuwa pia ya kubadilisha mfumo mzima, kwa hivyo haikuwa na njia ya mkato. Lakini mchuuzi wa omena ambaye hununua mzigo wavuvi wanaporejea alfajiri anajua maana ya saa kadhaa za usiku bila huduma ya pesa.

Ndiyo maana wataalamu walitafuta njia ya kuhamisha bila kuzima. Kampuni ya VMware ilikuwa na bidhaa ya kufanya hivyo mwaka 2003. Mnamo 2005, watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walichapisha maelezo ya njia waliyoitumia kwenye programu iitwayo Xen. Walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 huku wachezaji wakiendelea kupigana risasi, na tarakilishi ikasimama kwa muda wa milisekunde 60 tu. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi.

Siri yao ilikuwa subira. Kumbukumbu ya tarakilishi hugawanywa katika kurasa ndogo, kwa kawaida kilobaiti 4 kila moja. Tarakilishi pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 ina kurasa zaidi ya milioni 4. Kurasa hizo zote hunakiliwa kwanza kupelekwa kwenye seva mpya ilhali mpangaji anaendelea na kazi zake kwenye seva ya zamani. Naam, akiendelea na kazi hubadilisha baadhi ya kurasa zilizokwisha kunakiliwa. Basi programu huweka orodha ya kurasa zilizochafuka, ikazituma tena. Zikichafuka nyingine, hizo nazo hutumwa.

Tupige hesabu. Kwa waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 16 huchukua dakika mbili na ushei. Tuseme mpangaji huchafua megabaiti 25 kwa kila sekunde. Raundi ya pili itachukua sekunde kama 26, ya tatu sekunde 5, ya nne sekunde 1. Mabaki yakiwa machache hivyo, mpangaji husimamishwa kwa nukta moja, kurasa za mwisho na hali ya prosesa zikapelekwa, kisha akaamshwa upande wa pili. Mtandao hutangaziwa kwamba anwani ile sasa iko mlango mwingine. Mteja hatambui lolote.

Waya ukiwa wa megabiti 100 tu, hesabu hiyo huvunjika. Waya hubeba megabaiti 12.5 kwa sekunde, mpangaji huchafua 25. Hapo ni sawa na kuchota maji kwa kikombe katika mtumbwi uliotoboka. Wataalamu hulazimika kupunguza kasi ya mpangaji kwa makusudi, au kumhamisha kwanza na kuzifuata kurasa zake baadaye, jambo ambalo ni la hatari kwa sababu waya ukikatika katikati mpangaji hubaki nusu huku, nusu kule.

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Je, ikiwa tarakilishi inayohamishwa haifanyi kazi? Ikiwa imesimamishwa, au imelala?

Msomaji atasema hilo ni jepesi, na kwa upande wa kumbukumbu yu sahihi. Tarakilishi iliyosimama haichafui ukurasa wowote. Raundi moja yatosha, kama mabamba ya meli ya Uskoti. Ugumu uko kwingine, nao ni kwamba usingizi wenyewe ni sehemu ya mzigo, na ni sehemu inayosahaulika kwa urahisi sana.

Kusimama huku kuna aina zake. Fundi aweza kuisimamisha tarakilishi pepe kwa amri kutoka nje. Mpangaji mwenyewe hajui lolote, kama mtu aliyepigwa picha akiwa katikati ya hatua. Pili, mpangaji aweza kulala kwa hiari yake, mfano wa kipakatalishi kilichofunikwa. Huyu anajua kwamba amelala na anangoja wa kumwamsha. Tena yaweza kutokea seva yenyewe ikamsimamisha kwa sababu diski imejaa na hana pa kuandika. Katika hali zote hizi yaliyomo kwenye kumbukumbu hayajaandikwa diskini. Umeme ukizimika, yamekwenda.

Mwandishi huyu analijua hilo kwa uchungu. Nilipokuwa kijana katika chumba kimoja cha habari, umeme ulikatika saa tatu usiku na kurasa mbili zilizokwisha kuhaririwa zikatoweka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametoa amri ya kuhifadhi. Tarakilishi ilipowaka haikukumbuka hata kichwa cha habari.

Turudi kwenye uhamisho. Kumbuka kwamba kila tarakilishi inayohama, hata ile iliyo macho, husimamishwa kwa nukta moja ya mwisho. Maana yake, tarakilishi iliyokuwa imelala husimamishwa juu ya usingizi wake. Ni vituo viwili, kimoja juu ya kingine. Ikifika upande wa pili, programu yapaswa kuondoa kile cha juu tu, kile cha safari, na kukiacha kile cha chini. Ikisahau ni kipi kilitangulia, huviondoa vyote, na aliyelala huzinduka mahali asipopajua, bila aliyemwita.

Hili si jambo la kubuni. Programu huria ya QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003 na ambayo leo imo chini ya mawingu mengi ya tarakilishi duniani, ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Mwaka 2015, toleo la 2.4 lilianza kutuma taarifa ya hali ya mpangaji pamoja na kurasa zake, mfano wa barua iliyobandikwa kwenye kreti. Hata hivyo usingizi wa hiari ulisalia na matatizo. Programu iliyopokea ilijaribu kumwamsha mgeni yenyewe. Na pale aliyelala alipohifadhiwa diskini kisha akarejeshwa, programu ilitangaza kwamba anaendesha kazi, ilhali hakuwa akiendesha chochote. Marekebisho ya mhandisi wa kampuni ya Oracle yaliingizwa, na toleo la 9.0 la Aprili 2024 likatoka likihifadhi usingizi huo. Kati ya mwaka 2003 na 2024 ni miaka 21, muda mrefu kwa jambo linaloonekana dogo hivi.

Ni dogo kweli? Tuchukue mfano, wa kubuni huu, wa chama cha akiba na mikopo cha wavuvi huko Mbita. Ijumaa jioni wanachama wanabishana kuhusu salio la mikopo. Mwenyekiti anaagiza tarakilishi ya hesabu isimamishwe kama ilivyo hadi wakaguzi wafike Jumatatu. Jumamosi, kampuni inayokodisha seva inahamisha wapangaji wote ili ibadilishe kifaa kilichoharibika. Tarakilishi ya chama inafika nyumba mpya na kuzinduka. Saa sita za usiku, kama ilivyofundishwa, inapiga riba, inafuta kumbukumbu za zamani za shughuli na kutuma ujumbe kwa wadaiwa. Hakuna mwizi aliyeingia. Lakini Jumatatu wakaguzi wanakuta hesabu isiyokuwa ile ya Ijumaa, na hakuna awezaye kuapa kwamba haikuguswa.

Aliyesimamishwa kwa sababu ya diski iliyojaa naye huzinduka na kujaribu kuandika pale pale aliposhindwa. Ubaya zaidi ni nakala ya zamani ikibaki hai baada ya ile mpya kuamka: wapangaji wawili wenye jina moja na anwani moja, wote wakiandika kwenye diski moja. Diski hiyo haitengenezeki kwa urahisi.

Ndiyo sababu programu za usimamizi kama libvirt zina chaguo la kuamuru mpangaji abaki amesimama afikapo, hata kama alitoka akiwa macho. Fundi mwangalifu hulitumia, akakagua diski na mtandao, kisha akatoa ruhusa kwa mkono wake. Vilevile husimba kurasa zinapopita njiani, kwa maana kumbukumbu ya tarakilishi hubeba nywila na majina ya watu yakiwa wazi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshika habari za watu azilinde.

Uhamisho huu una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji sana. Hauokoi yeyote giza likiingia ghafla. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotoweka karibu nchi nzima, hakuna tarakilishi iliyopata nafasi ya kufunga virago isipokuwa ile iliyokuwa na betri au jenereta ya kuipa dakika chache. Kuhama huhitaji seva zote mbili ziwe hai, na waya kati yake uwe mzima.

Umbali nao ni shida kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Nairobi, barabara ya kilomita 350 hivi, ni chini ya milisekunde 2. Kinachosumbua ni upana wa njia, pamoja na diski, ambayo lazima ifikiwe kutoka pande zote mbili au ihamishwe nayo, na mara nyingi huwa kubwa kuliko kumbukumbu mara kumi.

Kisha kuna saa. Tarakilishi iliyosimamishwa kwa amri ya nje haihesabu muda uliopita. Ikiachiliwa Jumatatu, ndani mwake bado ni Ijumaa jioni, dakika ile ile, na vyeti vya usalama na vibali vilivyokwisha muda huviona bado halali. Fundi huanza kwa kuipa saa sahihi kabla ya kuiruhusu iongee na mtu yeyote.