Wakati Deni Inapita Bei ya Nyumba

Mwezi wa 7 mwaka 2008 shaba ilipita dola 8 000 kwa tani. Kufika Desemba ilianguka mpaka karibu 3 000. Mu Katanga kampuni nyingi zilifunga milango. Watu wenye walikopa feza juu ya nyumba wakapata taabu mbili: mushahara umekatika, na nyumba haina tena bei, maana wanunuzi nao hawana kazi.

Fikiri una deni ya dola 6 000. Nyumba ikiuzwa leo inaleta 4 000. Hata ukitoa funguo, 2 000 inabaki juu yako. Wengi wanawaza: nikiacha nyumba, deni imekufa. Hapana!

Sasa utafanya nini, ndugu? Kwanza, ambia bibi yako. (Mimi mwenyewe nilificha deni miezi mine, mama wa watoto akaisikia kwa jirani. Ile ilituumiza kupita deni yenyewe.) Tena Sheria ya Jamaa ya 1987 inaomba mume na bibi wakubaliane mbele ya kuweka nyumba rehani.

Kisha muende wote wawili kwa mukopeshaji, musingoje yeye aje. Muombe arefushe miezi. Usikimbilie banki Lamberi: unachukua 100, mwisho wa mwezi wanaweza kukuomba 130. Na usisaini kartasi ya kuuzisha nyumba yenye wanaita "garanti" tu. Soma. Kama hauone muzuri, mutoto wa sekondari akusomee, palepale, mbele ya kalamu.