Shabana FC: Mbona Kujaza Gusii Stadium Haitoshi Kulipa Wachezaji

Kama unaishi Kisii ama Nyamira, ama mamako anatoka huko, hii timu ulirithi. Hakuna mtu alikuuliza kama unaitaka. Siku ya mechi ya nyumbani mat zinatoka Keroka, Nyamira na Ogembo zikiwa zimejaa, vuvuzela zinaanza mapema, na ikifika saa tisa tauni nzima inajua Shabana iko uwanjani. Kaunti mbili, timu moja.

Halafu kuna ile swali huulizwa kila msimu kwa base, kwa kinyozi na kwa WhatsApp ya familia: timu iko na mashabiki kibao hivi, inakosaje ganji? Wengine hujibu haraka ati kuna mtu anakula. Inaweza kuwa rahisi kusema hivyo, lakini hata kama kila shilingi ingefika mahali inafaa, bado hesabu ingekuwa ngumu. Wacha tukuchambulie polepole, juu hii stori inahusu mfuko wako pia.

Jina lilitoka dukani

Shabana ilianza mwaka 1980, na jina lake halikutoka kwa mlima, mto ama shujaa wa zamani. Lilitoka kwa Shabana Hardware, biashara ya Kisii tauni iliyoidhamini. Yaani kutoka siku ya kwanza, doo na jina vilikuwa kitu kimoja. Mwenye duka alitoa, wachezaji wakacheza, watu wakapenda.

Na timu ilikuwa moto. Henry Motego alivaa hiyo jezi na wazee wa Kisii bado wanamtaja kama walimwona jana. Mike Okoth alipita hapo kabla ya kwenda Ubelgiji, ambako alishinda ligi na Genk mwaka 1999. Kijana wake, Divock Origi, ndiye alifungia Liverpool bao la pili kwenye fainali ya Champions League mwaka 2019. So ukisikia mzee wa Nyamira akisema Shabana ilichangia hiyo kombe, usicheke sana.

Lakini duka ni duka. Mwenye duka akichoka, ama biashara ikibadilika, timu inabaki na jina peke yake. Mwaka 2006 Shabana ilishuka daraja. Ilirudi ligi kuu mwaka 2023, pamoja na Murang'a SEAL. Hiyo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku timu inashuka alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho ndio aone Shabana ikicheza na Gor kwenye ligi kuu.

Jirani aliyekuwa na kila kitu

Sasa angalia hii. Mwaka huo huo wa 2006, bingwa wa Kenya alikuwa nani? SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari pale Awendo, Migori. Hapo tu kwa jirani. Shabana inalia, SoNy inabeba kombe. Kampuni iko nyuma, mishahara iko, basi iko.

Songa mbele hadi Novemba 2019. Kiwanda kimeyumba, timu haina nauli ya kufika kwa mechi. SoNy ikakosa mechi tatu, na sheria ya ligi ni wazi: ukikosa tatu, unatolewa. Bingwa wa 2006 akafukuzwa ligi kuu katikati ya msimu, na matokeo yake yakafutwa.

Hiyo ndiyo tofauti unafaa kuweka kichwani. Timu ya kampuni inaishi vizuri mpaka kampuni iugue. Timu ya mashabiki inaweza kukaa miaka 17 kwa vumbi na bado irudi, juu wenye nayo hawafungi kazi saa kumi na moja. Upendo ulifanya Shabana isikufe. Lakini kutokufa na kulipa mishahara ni vitu viwili tofauti.

Hebu tupige hesabu

Hizi namba zinazofuata si za vitabu vya klabu. Ni mfano wetu, ili uone vile mambo hukaa.

Ligi kuu iko na timu 18, kwa hivyo kila timu inacheza mechi 34, na 17 kati ya hizo ni za nyumbani. Sema kila mechi ya nyumbani watu 2,500 wamelipa soo mbili. Hiyo ni 500,000 kwa mechi, na 8,500,000 kwa msimu. Inasikika kama pesa mob.

Sasa toa. Wachezaji 28, kila mmoja apate 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,120,000 kila mwezi, na 13,440,000 kwa mwaka. Bado hujalipa kocha. Bado hujaenda Mombasa kucheza na Bandari. Safari 17 za ugenini, basi, chakula na mahali pa kulala, weka 150,000 kila moja, unapata 2,550,000. Jumla inakaribia mita 16, na hatujagusa dawa, mipira, jezi na ulinzi.

Umeona pengo? Zaidi ya mita saba. Na hiyo ni kama kila msee amelipa.

Hapa ndipo inauma. Tufanye watu 500 wameingia kila mechi kwa kuruka ukuta, ama kwa kumpa mtu wa geti chwani mkononi. Hiyo ni laki moja imepotea kila mechi, na 1,700,000 kwa msimu. Ni mshahara wa kikosi kizima kwa mwezi mmoja na nusu. Kwa hivyo ukiona mchezaji anatembea kama amechoka kwa second half mwezi wa pili, kumbuka wale waliopita kwa ua.

Mdhamini ni mgeni

Utasema basi tutafute mdhamini mkubwa, mambo yaishe. Sawa. Lakini uliza Gor Mahia na AFC Leopards kuhusu Agosti 2019. SportPesa ilikuwa inadhamini timu zote mbili na ligi yenyewe. Serikali ikakataa kuirudishia leseni, kampuni ikafuta udhamini wake wote wa michezo humu nchini. Timu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote Kenya zikaamka bila mdhamini, na msimu ulikuwa ndio unaanza.

Mdhamini ni kama mgeni mwenye amekuja na zawadi. Mpokee, mpikie, mshukuru. Usimwachie alipe kodi ya nyumba milele.

Na angalia wenye unashindana nao. Bingwa wa msimu wa 2024/25 alikuwa Kenya Police, mara yao ya kwanza. Ukiongeza KCB, Bandari, Tusker na Ulinzi Stars, unapata timu ambazo mshahara wao unategemea taasisi iko nyuma, si watu wangapi wamekuja. Wanaweza kucheza mbele ya viti vitupu na mwisho wa mwezi simu inaingia meseji. Shabana haina hiyo raha. Silaha yake ni wewe, na silaha isiyopangwa ni kelele tu.

Ofisini ndiko mechi ingine huchezwa

Sasa tuingie kwa utawala. Wasee wengi huruka hii sehemu juu inaboesha, halafu wanashangaa timu ikiporomoka.

Kenya iko na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Inasema klabu lazima isajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na iwe na katiba. Viongozi wanafaa kuchaguliwa, si kujitangaza. Kukiwa na vita ya ofisi, kuna jopo la kutatua mizozo ya michezo, hauhitaji kuvunja mlango wa mtu.

Ukidhani hizo ni karatasi tu, cheki kilichofanyika Bomet, jirani yetu upande wa pili wa Nyamira. Novemba 2021 serikali ilivunja ofisi ya FKF na kuweka kamati ya muda. FIFA ikakasirika, ikafungia Kenya Februari 2022, na haikufungua hadi Novemba mwaka huo. Katikati ya hiyo vurugu ligi iliendelea, na APS Bomet ikapanda daraja kwa jasho lake. Ofisi ya zamani iliporudi, ikafuta msimu mzima wa 2021/22. APS Bomet na Fortune Sacco zikaambiwa zirudi chini. Hawakupoteza nafasi yao uwanjani. Walipotezewa ofisini.

Kama hiyo inaweza kufanyikia timu kwa sababu ya vita ya watu wa Nairobi, fikiria kile kinaweza kufanyika ndani ya klabu yako kama hakuna mtu anaulizia katiba.

Wengine wamejaribu nini

Tanzania, Simba SC ilikuwa na shida kama hii: mashabiki mamilioni, mfuko mwembamba. Mwaka 2017 wanachama wakakubali kubadilisha mfumo, na Mohammed Dewji akashinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za huko. Asilimia 51 ikabaki kwa wanachama. Doo ikaingia, na Simba ikaanza kutesa Afrika. Lakini pia kelele za nani ana sauti gani ndani ya klabu hazijawahi kuisha kabisa. Tajiri akiingia, lazima mjue mapema mwisho wa mamlaka yake ni wapi.

Ujerumani wana sheria ya 50+1: mwekezaji anaweza kuleta pesa, lakini kura nyingi zinabaki kwa wanachama. Barcelona nayo ni ya wanachama, ndio huchagua rais. Na bado mwaka 2021 ilitangaza deni la zaidi ya euro bilioni moja. So usidanganywe kwamba timu ikiwa ya mashabiki basi iko salama. Mashabiki wenyewe wakilala, deni halilali.

Sasa wewe fanya nini

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Hiyo ni karibu mita mbili, bila kuhesabu waliojaa Nairobi, Nakuru na Marekani. Tukipata watu 10,000 tu, wa kutoa soo moja kila mwezi kama wanachama, tunaongea mita 12 kwa mwaka. Hiyo inafunga pengo la ule mfano wetu na inabaki. Ni mtu mmoja kati ya kila 187. Soo moja ni chini ya nauli ya wengi wetu kufika uwanjani.

Lakini hakuna mtu anatoa soo kila mwezi kwa shimo asiloona chini. Kwa hivyo ni pande mbili.

Klabu ikuonyeshe kadi ya uanachama yenye kura, namba moja rasmi ya kulipia, na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Baada ya kila mechi itangaze: walioingia ni hawa, pesa ni hii, imeenda hapa. Haitaki ofisi kubwa. Inataka bango moja na ukweli.

Wewe nawe, lipa getini, na uitishe tiketi hata kama ni mtu unamjua. Usitume doo kwa namba ya mtu binafsi ati ni mchango wa timu. Nunua jezi kwa klabu kabla ya kununua ile ya barabarani. Nenda mkutano mkuu wa mwaka, hata kama hauna mziki. Na wacha mawe chini: vurugu zinaletea timu faini, na zikizidi mechi inachezwa bila watu. Kwa timu ya kampuni hiyo ni aibu. Kwa Shabana ni kukata mshahara.

Ile kelele yetu ya Tore Bobe, ukiitoa kwa Ekegusii, ni kama kusema "tuko vibaya". Na kwa mtaa "tuko vibaya" iko na maana mbili. Moja ni ya kumtisha mpinzani. Ingine ni ya mtu anapiga simu nyumbani mwisho wa mwezi akiomba atumiwe kitu. Maana gani itabaki Gusii, kocha peke yake hawezi kuamua. Itaamuliwa na ile soo mbili yako pale getini, na kama utauliza ilienda wapi.