Dawa Itokayo Katika Damu ya Wengi

Wako ndugu zetu ambao miili yao haiwezi kujitengenezea kinga. Dawa yao, itiwayo mshipani, ni kingamwili zilizochujwa katika maji ya damu ya maelfu ya watu. Na kazi hiyo huchukua miezi 7 hata 12. Tena hupimwa kwa uzito: mtu wa kilo 60, akipewa gramu 0.4 kwa kila kilo, huhitaji gramu 24 kila majuma manne, mara nyingi maisha yake yote. Ndiyo asili ya ughali wake. Mshahara wa mfanyakazi mmoja hauuwezi mzigo huo. Basi twasema wazi: dawa iliyotolewa na damu ya wengi na ilipiwe na wengi, kwa bima ya wote.