Pazia la Vumbi Katika Kiini cha Galaksi

Katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi imo galaksi ya Messier 77, iliyogunduliwa na Mfaransa Pierre Méchain mwaka 1780. Mwanga wake husafiri miaka milioni 47 hata kutufikia. Kiini chake kinang'aa mno, kwani humo mna shimo jeusi livutalo gesi, nayo gesi hupata moto mkali kabla ya kumezwa.

Viini vya namna hii havifanani vyote. Katika vingine gesi iendayo kasi huonekana, katika vingine haionekani. Je, ni jamii mbili mbalimbali? Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller waliitambua gesi hiyo katika Messier 77 kwa mwanga ulioakisiwa tu. Kumbe ilikuwamo, ila imefichwa na vumbi lililokizunguka kiini mithili ya pete nene. Ni kama taa iliyowekwa ndani ya chungu: aliye juu huuona utambi, aliyeketi kando huona mwanga darini tu.

Mwaka 2020 picha zilizopigwa Paranal, nchini Chile, ziliitia rai hiyo shaka, kwa kuwa pete ilionekana nyembamba. Ndipo kifaa cha MATISSE kilipounganisha miali ya joto kutoka darubini nne, miali ipenyayo vumbi kuliko mwanga wa kawaida, kikapima joto la vumbi mahali mbalimbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: shimo jeusi limejificha nyuma ya pete nene. Rai ya kale ikapata nguvu upya.