Mji Mkongwe

Mji Mkongwe ni sehemu ya kale ya Jiji la Zanzibar, kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, Tanzania. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Wageni hutembelea Ngome Kongwe, Forodhani na kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Nyumba nyingi zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza na kuta hulegea, hivyo zinahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili.