Kava ya Injini Ikigoma Kutoka

Pikipiki zinazotoka Merti, Garbatulla na Archers Post huwafikia mafundi wa mjini Isiolo zikiwa na vumbi hadi ndani ya filta. Nyingi ni Boxer na TVS zilizobeba magunia, mitungi ya maji na abiria wawili wawili kwa miaka, na klachi imekwisha. Klachi haibadilishwi mpaka kava ya kulia ya injini itoke, na hapo ndipo kazi hukwama. Oili imemwagwa, mguu wa kiki umetolewa, waya wa klachi umelegezwa, bolti zimefunguliwa kwa spana nambari nane, lakini kava imeng'ang'ania palepale. Fundi anachukua bisibisi bapa, anaichomeka kwenye kiungo, kisha anapiga nyundo.

Pigo hilo moja linaweza kuharibu injini iliyokuwa nzima. Kava na kizimba cha injini ni alumini ya kusubu, laini sana mbele ya chuma cha bisibisi. Gasketi inayokaa kati yao ni karatasi yenye unene wa nusu milimita hivi. Mfereji wowote utakaochimbwa na bisibisi kwenye uso huo huwa njia ya oili, na gasketi mpya haiuzibi. Injini ndogo kama hizi hubeba takriban lita moja tu ya oili. Ikivuja tone kwa tone kwenye njia ya Merti, dereva hatajua mpaka injini ikaze.

Kabla ya nguvu, basi, ni kutafuta kinachoishikilia. Aghalabu ni bolti iliyosahaulika. Udongo uliolowa oili huganda ukafunika kichwa chake, hasa upande wa chini. Bolti ya milimita 6 ikikazwa sawasawa hubana kwa nguvu ya karibu kilo 800, uzito wa ng'ombe wawili wa Kiborana, na hakuna mkono utakaoishinda. Ndiyo maana injini huoshwa kwanza. Fundi makini huchora umbo la kava juu ya kipande cha boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu. Tundu likibaki tupu kwenye boksi, anajua bado kuna bolti ndani.

Mshikaji wa pili ni gasketi yenyewe. Imelowa oili na kupikwa na joto la injini kwa miaka hadi ikawa gundi, na mara nyingine fundi wa awali aliongeza silikoni juu yake. Gundi ina nguvu ikivutwa uso mzima kwa pamoja, lakini ni dhaifu ikianza kubanduliwa ukingoni, maana nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mwembamba na ufa ukishaanza hujiendeleza. Kwa hiyo kava hugongwa kwa nyundo ya mpira au ya mbao, kutoka ubavuni, kwenye masikio yake manene, kwa zamu kuzunguka pande zote. Mtikiso mdogo unaorudiwa hufanya zaidi ya pigo kubwa moja.

Mshikaji wa tatu ndiye mkaidi kuliko wote, nami ningependa kila fundi amjue vizuri. Kati ya kava na kizimba kuna vipini viwili vya chuma, vyenye uwazi katikati, vinavyoiweka kava mahali pake. Chuma kikigusana na alumini palipo na maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaobaki huchukua nafasi zaidi ya mara tatu ya alumini iliyoliwa, ukakibana kipini kwenye tundu. Wanamaji wa Uingereza walikutana na jambo hilihili kwenye meli ya HMS Alarm, iliyofunikwa kwa mabati ya shaba mwaka 1761. Ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, misumari ya chuma ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kufungia mabati ilibaki katikati na kutenganisha metali hizo mbili. Vipini vya pikipiki havina karatasi ya kuvitenganisha na alumini, na pikipiki inayooshwa mtoni kila wiki hupelekewa maji kila mara.

Dawa yake ni joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mjini Isiolo, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na hilo linatufaa. Tambara lililoloweshwa maji hayo likifunikwa juu ya kipini huipasha kava bila hatari ya kuunguza sili za mpira. Kwa kipini cha milimita 10, ongezeko la nyuzi 60 hufungua upenyo wa takriban milimita 0.007. Ni kidogo, ila hutosha kupasua ule unga na kuruhusu mafuta mepesi yapenye. Moto wa gesi usitumike kamwe: kabureta na mpira wa petroli viko juu hapo hapo.

Kava ya kushoto, ya magneto, ina lake. Katika pikipiki nyingi koili zimefungwa ndani ya kava, na sumaku za gurudumu huzivuta. Ukihisi kava inasogea kisha inarudi kama inavutwa, hiyo ni sumaku. Ivute moja kwa moja bila kuipinda, na vidole viwe mbali na ukingo.

Wewe mwenye pikipiki, usiondoke kazi ikiendelea. Kabla kava haijarudishwa, omba uonyeshwe uso wake ukiwa umesafishwa, upitishe kidole pembeni mwote. Ukikuta mkwaruzo unaong'aa, huo ni wa leo, na uzungumzwe kabla hujalipa.